MTOTO ASIYEWEZA KUKAA WALA KUTEMBEA: TUMSAIDIEJE?

Yamkini katika kijiji chako, iwe hapa Kanazi au mbali kuelekea Biharamulo, yuko mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye hajakaa wala kusimama. Wenzake wa rika lake wamekwisha kuanza kwenda mtoni na vidumu vyao vidogo, naye yungali amelala juu ya mkeka katika chumba cha nyuma. Miguu yake imekakamaa na kupishana kama makasi. Vidole vimefumbwa. Ukimwita jina lake hugeuza macho na kucheka, maana amekusikia na amekujua. Lakini shingo haimtii.

Mgeni akifika, mlango wa chumba kile hufungwa. Majirani nao wana maneno yao. Huyu asema mama alivunja mwiko wakati wa mimba. Yule asema ni kazi ya wachawi. Mwingine asema ukoo ule una laana. Mama asikia yote. Pengine baba naye amekwisha kuondoka, akasema kwao hakuna watoto wa namna ile.

Leo twataka kuzungumza nawe habari za mtoto huyu. Maradhi yake yana jina, yana sababu zake, na yako mambo ambayo baba na mama waweza kuyafanya nyumbani, bila fedha nyingi, ili mtoto apate kukaa, kushika, kula vizuri, na pengine kusimama na kutembea.

NI MARADHI GANI?

Huitwa mtindio wa ubongo. Maana yake, ubongo wa mtoto ulipata madhara ungali ukikua: akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza.

Ubongo ndio unaotuma amri kwa mikono, miguu, shingo na ulimi. Mikono na miguu ya mtoto huyu si mibovu. Ubovu uko kwa mtumaji, si kwa mtumwa. Amri yafika imechanganyika: msuli uliopaswa kulegea wakaza, na uliopaswa kukaza walegea. Kwa hiyo watoto wengine huwa wakakamavu, wengine hulegea kama kitambaa, na wengine mikono na uso huchezacheza bila wao kutaka. Wengine wameguswa upande mmoja tu, wengine miguu zaidi, wengine mwili mzima.

Mambo matatu yafaa uyashike. La kwanza, maradhi haya hayaambukizi. Mwache mtoto acheze na wenzake. La pili, madhara ya ubongo hayazidi kukua. Lakini mtoto akiachwa alale tu, misuli hufupika, viungo hukauka, nyonga huweza kuteguka, na hapo hali yake huwa mbaya kuliko ilivyokuwa. La tatu, kutoweza kusema si kutoweza kuelewa. Wengi wao huelewa kila neno linalosemwa juu yao mle chumbani.

YATOKA WAPI?

Mwaka 1861 daktari mmoja Mwingereza, jina lake William John Little, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliolemaa tangu utoto, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London kwamba wengi wa watoto hawa ni wale waliozaliwa kwa shida, au kabla ya wakati, au waliochelewa kuvuta pumzi. Tangu siku hizo mengi zaidi yamejulikana. Mtoto huweza kuumia ubongo akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akizaliwa njiti, akipata manjano kali katika siku zake za kwanza na asitibiwe, akipata homa ya uti wa mgongo, au akipata malaria kali iliyopanda kichwani.

Waona basi kwamba hapa hapana mwiko uliovunjwa wala jicho la jirani. Tena waona kwamba mengine yaweza kuzuiwa. Mama mjamzito na ahudhurie kliniki, ajifungulie mahali penye mkunga aliyefundishwa. Mwaka 2009 hapa Tanzania hospitali 8 zilianza kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto asiyelia, katika dakika ile ya kwanza kabisa: kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpa hewa kwa mfuko na kinyago kama bado hapumui. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua karibu nusu. Na mtoto mwenye homa na degedege asipelekwe kwanza kwa mganga wa kienyeji kufukizwa. Apelekwe zahanati saa ile ile. Kila saa inayopotea huweza kuharibu ubongo.

UTAMTAMBUAJE MAPEMA?

Mtazame mtoto wako. Je, ametimiza miezi minne na shingo haijakaza? Ametimiza miezi tisa naye hawezi kukaa peke yake? Hutumia mkono mmoja tu, na ule mwingine umefumba ngumi, angali hajatimiza mwaka? Miguu hukaza na kupishana unapomvika au kumnyanyua? Hunyonya kwa shida, hupaliwa mara kwa mara? Ukiona mojawapo ya mambo haya, usingoje. Usikubali kuambiwa, “Mwache, atatembea tu.” Mpeleke kwa daktari amtazame.

HABARI YA KUTUSHTUA KUTOKA UGANDA

Jirani zetu wa Uganda wametufunulia jambo. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki ya nchi ile, watafiti pamoja na Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere waliwachunguza watoto zaidi ya 31,000, kijiji kwa kijiji. Mwaka 2017 walitangaza kwamba walikuwa wamewakuta watoto 97 wenye mtindio wa ubongo, yaani karibu watoto 3 katika kila 1,000. Robo yao hawakuzaliwa nao. Waliupata baadaye, walipougua.

Miaka minne baada ya uchunguzi ule, watafiti wakarudi kuwatazama. Kati ya wale 97, watoto 15 walikuwa wamekufa. Je, waliuawa na mtindio wa ubongo? La. Kwa sehemu kubwa walikufa kwa upungufu wa damu, malaria na maambukizo mengine, maradhi yale yale yanayowapata watoto wote. Na walioshindwa kabisa kujiendesha, na waliokonda kwa kukosa chakula, ndio waliokuwa katika hatari kubwa.

Ndugu msomaji, tafakari neno hili. Mtoto huyu apewe chandarua kama wenzake. Apelekwe chanjo na kupimwa uzito kama wenzake. Akipata homa, asiambiwe kwamba huyu hata hivyo ni wa kufa.

Katika vijiji vile vile vya Uganda baadaye ulianzishwa mpango uitwao Akwenda. Wazazi hukutana kwa vikundi, hufundishwa mazoezi, na watoto hupewa viti na vifaa vingine vilivyotengenezwa huko huko. Hata sisi twaweza kuanza na jambo la kwanza, yaani wazazi kukutana, maana kuketi pamoja hakuna gharama.

KWA NINI TUANZE MAPEMA?

Huko Canada wataalamu waliwafuata watoto 657 wenye mtindio wa ubongo, wakatangaza matokeo yao mwaka 2002. Waliona kwamba watoto wenye udhaifu mkubwa hufikia sehemu kubwa ya uwezo wao wa kujiendesha kabla ya kutimiza miaka mitatu, na wenye udhaifu mdogo wanapokaribia miaka mitano. Kwa hiyo miaka ya kwanza ni kama mvua za kwanza kwa mkulima wa maharage. Anayeanza kulima mvua zikiisha hawezi kulaumu shamba. Lakini mzazi wa mtoto mkubwa asikate tamaa: naye yampasa kufanyishwa mazoezi, ili asipoteze kile alicho nacho na viungo visikauke.

Tena ujue mazoezi yafaayo ni yapi. Zamani ilidhaniwa kwamba yatosha mtaalamu amnyooshe mtoto mikono na miguu, naye mtoto amelala kama mzigo. Mama Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia tafiti nyingi sana, wakatangaza mwaka 2013 na tena mwaka 2020 kwamba linalosaidia zaidi ni mtoto mwenyewe kujaribu jambo analolitaka, tena na tena, katika maisha yake ya kila siku: kufikia kikombe, kuinuka kutoka kitini, kumfuata dada yake uani. Mtoto hujifunza kwa kutenda, na mahali pake pa kujifunzia ni nyumbani kwako.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kulala na kubebwa. Usimwache chali mchana kutwa. Mlaze kwa ubavu, mikono yake miwili ikutane mbele ya macho yake, na umpe kitu cha kushika. Mara kadhaa kwa siku mlaze kifudifudi, kifua juu ya kanga iliyokunjwa kama gogo, na wewe au ndugu yake mkae mbele yake, mwimbe, mmwonyeshe kitu chenye rangi. Atainua kichwa ili aone. Hapo shingo na mgongo vyapata nguvu. Usimwache peke yake akiwa kifudifudi.

Ukimbeba, miguu itengane. Mtoto mkakamavu abebwe kiunoni kwa ubavu, au mgongoni kwa mbeleko, mguu huu huku na mguu huu kule. Usimbebe amenyooka kama ubao wala usimwache alale mikononi kama mtoto mchanga; akiwa wima ataiona dunia.

Kukaa. Anza kwa kumpakata: keti chini, umweke kati ya miguu yako, mgongo wake kifuani pako, umshike nyonga. Kisha mtafutie pembe ya nyumba, mahali kuta mbili zinapokutana. Kuta zitamzuia asianguke huku na huku. Baba mwenye msumeno aweza kumtengenezea kiti. Yatazame haya: makalio yafike nyuma kabisa, magoti yakunjwe vizuri, nyayo zikanyage chini au juu ya kibao, na mbele pawe na meza ndogo ya kuwekea mikono. Mkanda wa kitambaa upite juu ya mapaja, usipite tumboni.

Na asiye na mbao? Huko Zimbabwe mwalimu Bevill Packer aliwafundisha watu kutengeneza vifaa vya karatasi. Maboksi yaliyotupwa dukani hukatwa, hupakwa gundi ya uji wa unga, hubandikwa moja juu ya jingine tabaka nyingi, kisha hukaushwa vizuri. Kiti cha namna hiyo huwa kigumu kama cha mbao, mradi kisilowe maji. Maboksi hata katika maduka yetu hayakosekani.

Kula. Hapa yapasa uangalifu mkubwa, maana ni jambo la uhai. Usimlishe mtoto akiwa amelala, wala usimwinue kidevu na kumimina uji. Chakula hupita njia ya hewa, huingia mapafuni, na mtoto hupata nimonia. Mketishe wima, kichwa kikiinama kidogo mbele. Kaa mbele yake, usawa wa macho yake. Uji uwe mzito kiasi. Ndizi na maharage yapondwe vizuri. Kijiko kije kutoka mbele na chini, kidogo kidogo, nawe ungoje ameze kabla ya kuongeza. Itachukua muda mrefu, naam. Kwa hiyo kazi hii isiwe ya mama peke yake.

Kusimama. Mtoto aliyekwisha kukaza shingo asimamishwe kila siku kwa muda kidogo, hata kama hajui kutembea, ili mifupa ya miguu na nyonga ipate nguvu. Asimame akiegemea meza au kitanda, nyayo zote zikiwa chini, wewe ukishika magoti au nyonga. Akizoea, baba achimbie uani miti miwili mirefu ya kulala, iende sambamba, urefu wa kiuno cha mtoto, ajishikilie katikati na kupiga hatua. Mwisho wa miti hiyo weka kitu akipendacho. Hatatembea kwa sababu umemwamuru. Atatembea kwa sababu ndizi iliyoiva iko upande wa pili.

Mikono. Mpe vitu vya kushika kwa mikono miwili: bakuli, mpira wa majani ya mgomba, maharage ya kuchambua. Kama mkono mmoja ndio dhaifu, wakati wa mchezo mfupi waweza kuuvika ule mzima soksi, ili ule dhaifu ufanye kazi, kisha uivue. Umvikapo shati, tanguliza mkono mgumu; umvuapo, uwe wa mwisho. Umwache avute mwenyewe hata kama ni kidogo. Kila jambo umfanyialo ambalo angeliweza mwenyewe, umemnyima zoezi.

YASIYOFAA

Usivute kwa nguvu kiungo kilichokaza. Ukivuta yeye hukaza zaidi, nawe waweza kumvunja. Mkunje kwanza nyonga na magoti, mtikise polepole, nacho kitalegea chenyewe. Usimfunge kamba, usimchanje, usimchome, usimzike miguu katika majivu ya moto. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya mtu anayeahidi dawa ya kumponya kabisa. Dawa hiyo haipo. Ziko dawa za kulegeza misuli, uko upasuaji wa kurekebisha viungo, na ziko dawa za kifafa kwa wale wenye kuanguka, ambazo hazifai kukatishwa bila shauri la daktari; hizo zote hutolewa hospitalini.

NENO KWA AKINA BABA

Bwana, mtoto huyu ni damu yako. Mama hawezi kulima, kupika, kuchota maji, kumlisha saa nzima na kumsimamisha, yote peke yake. Akichoka yeye, mtoto ndiye anayelala chini mchana kutwa. Tengeneza kiti. Chimbia miti ile miwili. Jioni mpakate, umketishe kati ya miguu yako mnapoota moto, nawe utakuwa umempa zoezi huku ukizungumza na wenzako. Kaka na dada nao wafundishwe. Mara nyingi wao ndio walimu wazuri kuliko sisi, kwa kuwa hawajui kuchoka kucheza. Nao babu na bibi wakilinyamazisha neno la laana, hapana jirani atakayethubutu kulisema.

TWENDE WAPI?

Anza na zahanati, kisha uulize hospitalini, Murgwanza au Rulenge, wakuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mashauri makubwa zaidi hupatikana Bugando mjini Mwanza, KCMC mjini Moshi, na CCBRT mjini Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ukifika, usiridhike na kumwacha mtaalamu afanye mazoezi nawe umesimama mlangoni. Mwambie, “Nifundishe mimi.” Yeye atamwona mtoto mara moja kwa mwezi, wewe uko naye kila siku.

Na umri wa shule ukifika, mpeleke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma kama watoto wengine wa Tanzania. Mwalimu akishangaa, mweleze kwa utulivu mtoto anaweza nini, wala usianze na asichokiweza.

Ndugu msomaji, hatukudanganyi. Wako watoto watakaotembea. Mtoto aliyeweza kukaa peke yake kabla ya kutimiza miaka miwili ana tumaini kubwa la kutembea. Wako watakaotembea kwa fimbo. Wako ambao hawatatembea kamwe, nao ndio wanaotuhitaji zaidi. Lakini kati ya mtoto aliyelala katika chumba chenye giza na mtoto anayeketi katika kiti chake uani, akila bila kupaliwa, akiwaona kuku na kuwacheka watoto wenzake, kuna tofauti kubwa mno. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa ya mbali. Ililetwa na mkono wa baba na mama, kila siku, kidogo kidogo.

Basi, leo jioni, kama mtoto huyu yuko nyumbani kwako, ufungue mlango wa chumba kile. Na kama yuko kwa jirani, nenda ukamwamkie, yeye kwanza kwa jina lake, ndipo umwamkie mama yake.